Kamera ya bei nafuu ya kuzamia nayo baharini, niko Mtwara, nichukue ipi?

MtuWaChikongola

Wakuu habari za humu, naombeni ushauri maana nimeuliza kwa watu wengi na kila mtu ananipa jibu lake. Niko Mtwara mjini, nazamia na mtungi mara mojamoja tu, bahari ikitulia na mfuko ukiruhusu, zaidi Mikindani na kwa nadra sana Msimbati kule ndani ya hifadhi. Cheti changu ni Open Water kwahiyo mwisho wangu mita 18, na sina mpango wa kwenda chini zaidi ya hapo kwa sasa.

Ninachotaka ni kamera ya kupiga picha na video fupifupi huko chini. Sababu yenyewe ni kwamba mama na wadogo zangu wako Newala, bahari wanaiona wakishuka mjini tu, nikiwasimulia kasa anavyopita pembeni yako wala hana habari na wewe, au mkunga, yule samaki kama nyoka, anavyotoa kichwa kwenye tundu la mwamba akiwa anafungua na kufunga mdomo, wananisikiliza vizuri tu ila naona kabisa hawapati picha ya ninachokisema. Nataka wawaone wale viumbe. Sifanyi biashara, sina chaneli, ni kwa ajili ya nyumbani.

Bajeti ni laki sita mpaka saba, malipo ya korosho yakiingia vizuri naweza kujivuta hadi milioni, zaidi ya hapo hapana. Mpaka sasa nimeambiwa mambo matatu: kuna anayesema simu yangu inatosha maana imeandikwa IP68, kuna anayesema ninunue ule mfuko wa plastiki wa kuvaa shingoni niiweke humo, na kuna jamaa Kariakoo ana GoPro HERO9 yuzdi anasema nimpe laki tano na nusu.

Na swali la pili, video za wenzangu nikiziangalia zote ni bluu tupu, samaki ambaye nilimwona kwa macho yangu ana wekundu kabisa kwenye video ni wa kijivu. Hiyo ni kamera mbovu au ndo maji yalivyo?

NahodhaMikindani

Karibu sana kaka. Naanza na hilo la simu kabla hujaipoteza. IP68 sio ya kuzamia. Hiyo namba inamaanisha simu imepimwa kwenye maji baridi yaliyotulia, na kila kampuni inataja kina chake na dakika zake, nyingi ni mita moja na nusu kwa nusu saa, chache zinafika mita 6. Na wenyewe watengenezaji wanasema maji ya chumvi yasihusike. Sasa wewe unaenda mita 18. Kila mita 10 unazoshuka presha inaongezeka kama ile yote ya hewa tuliyonayo huku juu, kwahiyo mita 10 inakuwa mara mbili, mita 20 mara tatu. Hakuna simu iliyotengenezwa kubeba hiyo ikiwa peke yake.

Mfuko wa plastiki ndo usiuguse kabisa kwa kazi hiyo. Ni wa kuogelea nao juujuu pale ufukweni Shangani. Ukishuka nao mita chache tu hewa ya ndani inasinyaa, plastiki inagandamana na kioo, simu inaanza kujibonyeza yenyewe, na ule mdomo wake wa kukunja haukutengenezwa kuzuia presha. Kuna makava magumu ya simu ya kuzamia kweli, yanayofika mita 40 na mengine 60, ni mazuri, ila bei yake mengi inakaribia kamera nzima na bado ndani umeweka simu yenye namba zako zote, mpesa yako na picha za familia. Mimi sipendi mtu ashuke na vitu vyote hivyo mkononi.

GoPro HERO9 sasa. Ikiwa peke yake bila kava mwisho ni mita 10. Watu hawasomi hapo, wanaona neno la kwamba haiingii maji wanashuka nayo mpaka 18. Kava lake la kuzamia linaifikisha mita 60, kwahiyo ukiwa na kava umemaliza hilo tatizo kwa kiwango chako na zaidi. Muulize huyo jamaa wa Kariakoo, laki tano na nusu ni pamoja na kava au kamera tupu? Kama ni tupu basi hujapewa bei ya kamera ya kuzamia, umepewa bei ya nusu yake.

BintiLigula

Kaka mimi nakuuliza kwanza, unataka kupiga picha ya nini? Maana umetaja kasa na mkunga, hao ni vitu viwili vinavyotaka kamera tofauti kidogo na hapo ndo pesa yako itakapoamulia.

Hizi kamera ndogo za aina ya GoPro na DJI Osmo Action zina lenzi pana sana, kasa akipita, mwamba mzima, wenzako wamezunguka boya, hapo zinatoa kitu kizuri mno na video haitikisiki hata mkondo ukikuvuta. Ila lenzi zake haziwezi kuona kitu cha karibu, ukisogea chini ya kama sentimita 30 picha inafifia. Na Mikindani nusu ya uzuri wake uko kwenye vitu vidogo! Wale konokono wa baharini wasio na gamba wenye rangi kama kitenge, kamba wadogo wanaokaa kwenye maua ya bahari, farasi wa bahari kwenye nyasi. Ukimpiga konokono wa urefu wa kidole kwa GoPro utapata picha ya mchanga yenye kinukta.

Mimi natumia Olympus Tough TG-6, ya mwaka 2019, iliyokuja baada yake ni TG-7 ya 2023 inauzwa kwa jina la OM System na hazijapishana sana. Ile inasogea mpaka sentimita moja kutoka kwenye kitu. Nilimpata kaa mdogo amekaa ndani ya tumbawe, kwa macho nilikuwa naona rangi tu, nilipofika nyumbani nikamkuza kwenye laptopu nikaona hadi vinyweleo vya miguu na mayai ameyabeba chini ya tumbo, yale mayai yana vidoti vyeusi, ni macho ya watoto. Nililia kaka, nasema kweli. Hiyo picha mama yako akiiona hatauliza tena unaenda kufanya nini huko chini.

Ubaya wake ni bei. TG-7 ilipotoka ilikuwa dola 549 huko kwao, kava lake ni pesa nyingine, na kava ni lazima kwako maana yenyewe tupu mwisho wake mita 15 na wewe cheti chako kinakupeleka 18, hizo mita tatu ndo zinazoua kamera. Kava lake rasmi linafika mita 45. Kwa milioni moja mpya na kava hupati, yuzdi TG-5 au TG-6 na kava lake unaweza kubahatisha ukiwa mvumilivu. Angalizo, kava la TG-6 linaingia TG-7 pia, ila la TG-5 ni jingine, usije ukauziwa kava la namba isiyo yako.

MtuWaChikongola

Dada BintiLigula umenichanganya kwa wema. Nilikuwa nimeshaamua GoPro kichwani sasa nafikiria huyo kaa. @NahodhaMikindani nimemuuliza jamaa, kamera ni tupu, kava anasema nitafute mwenyewe. Na hizo DJI mbona hamjazisemea? Na lile swali la bluu bado.

NahodhaMikindani

DJI Osmo Action 4 inaenda mita 18 bila kava na Action 5 Pro mita 20. Ni kina kikubwa kwa kamera isiyo na kava, na rangi zake majini wengi wanazisifia. Lakini usiifanye 18 yake iwe 18 yako. Ukiwa na kamera yenye mwisho sawasawa na kina unachoenda huna akiba hata kidogo, ukimfuata kasa ukateleza mita mbili umeshapita, na kinachozuia maji pale ni vimilango viwili, cha betri na cha chaji, punje moja ya mchanga kwenye ule mpira na habari imeisha. Chukua na kava lake, linafika mita 60.

Bluu ni maji, sio kamera. Mwanga wa jua ukipita kwenye maji rangi nyekundu ndo inayomezwa mwanzo, mita tano imeshapungua sana, ukifika kumi karibu yote imeondoka, inafuata ya chungwa, kisha njano, inabaki kijani na bluu. Macho yako yanajirekebisha kidogokidogo ndo maana ulimwona yule samaki ana wekundu, kamera inarekodi kilichopo. Na kumbuka maji yanahesabiwa kwenda na kurudi, mwanga unashuka mita 10 halafu unatoka kwa samaki mpaka kwenye lenzi yako mita nyingine tatu, hiyo nayo inakula rangi.

Kwahiyo dawa ya kwanza haina gharama, sogea karibu. Majini kila kitu kinaonekana kipo karibu kwa robo na kikubwa kwa theluthi kuliko kilivyo, sasa mtu anadhani amemfikia samaki anabonyeza, kumbe bado. Ukidhani umefika, sogea tena, taratibu, bila kupiga makasia ya miguuni. Maji kati yako na samaki yakiwa machache picha inakuwa kali, rangi zinarudi na zile chembe za taka zinazoelea zinapungua.

Dawa ya pili ni filta nyekundu ya kubandika mbele ya kava, ni bei ndogo, inafanya kazi vizuri kuanzia kama mita 5 hadi 20 jua likiwa kali na maji yakiwa ya bluu. Kipindi cha mvua maji ya huku yanakuwa ya kijani, hapo filta nyekundu haikusaidii sana, inayotakiwa ni ya zambarau. Na usiitumie pamoja na tochi, picha inakuwa nyekundu kama umemwaga rangi.

Dawa ya tatu ndo tochi yenyewe. Tochi inarudisha rangi zote ila kwa kitu kilicho karibu tu, mita moja hivi. Kwa mkunga wako kwenye tundu, tochi ni bora kuliko kamera ya milioni mbili. Ishike pembeni au juu, mkono mbali na lenzi, ukiiweka sambamba na lenzi inaangaza zile chembe zote zilizoko mbele na picha inajaa vidoti vyeupe.

BintiLigula

Naongezea kwenye tochi, chagua inayotawanya mwanga, ile inayotoa mshale mmoja mkali inachoma katikati ya picha na pembeni giza. Na TG ina mpangilio wa rangi za majini umegawanywa kwa kina, maji mafupi, ya kati na marefu, unachagua kabla hujashuka au ukiwa hukohuko maana inatumia vitufe. Hizi za kugusa kioo ukiwa majini kioo hakisikii kidole, kwahiyo zipange kila kitu ukiwa juu kwenye boti, ukishuka unabaki na kitufe cha kurekodi tu.

FundiSimuLindi

Salaam wadau. Mimi ni fundi wa simu na vidude vidogovidogo hapa Lindi mjini, kamera zilizokunywa maji ya bahari naletewa, kwahiyo niseme kutoka upande wangu wa meza.

Ukiifungua kamera iliyoingia maji ya chumvi siku mbili tatu zilizopita, cha kwanza unachokutana nacho ni ile kijani kwenye pini za betri, halafu kwenye bodi kunakuwa na kama unga mweupe umejishika kwenye miguu ya vile vidude, ukiukwangua kwa sindano unakuta shaba ya chini imeshaliwa. Maji yenyewe yameshakauka zamani, chumvi ndo inaendelea na kazi, hasa kama betri ilibaki ndani. Zinazopona ni chache sana na zikipona haziaminiki tena majini.

Sasa kitu ninachotaka mkizingatie, nyingi kati ya hizo kava lake ni zima kabisa. Halina ufa. Ukiuchunguza ule mpira wa kuziba unakuta unywele mmoja umelala juu yake, au punje ya mchanga, au uzi wa taulo. Unywele mmoja tu ni mfereji. Kwahiyo kaka ukishanunua, utaratibu wako uwe hivi: unafunga kava nyumbani, usiku, chini ya taa, mikono misafi, sio kwenye boti upepo unapiga na maji yanakudondokea kichwani. Pitisha ncha ya kidole kwenye mpira mzunguko mzima, kidole kinasikia uchafu ambao jicho halioni. Kisha angalia na mfereji wake unapokaa.

Mafuta: kuna mipira inayotaka grisi ya silikoni, kidogo sana, iwe na ung'avu tu, usiipake kama siagi maana grisi nyingi ndo inashika mchanga. Na kuna mipira haitaki grisi kabisa, makava ya GoPro ni hivyo, yanataka usafi tu. Soma karatasi ya kava lako. Vaselini hapana, mafuta ya nazi hapana, mafuta ya cherehani hapana, mpira unavimba au unalegea na kesho yake haukai tena kwenye mfereji.

Ukungu ndani ya kioo: hiyo sio kuvuja. Hewa yetu ya pwani ina unyevu mwingi, umeifungia ndani ikiwa ya moto, umeshuka kwenye maji ya baridi, na kamera nayo inapata joto ikirekodi, unyevu unaganda kwenye kioo. Funga kava kwenye chumba chenye AC kama unacho, weka kile kifuko kidogo cha silika kinachokuja kwenye boksi la viatu, kiwe kikavu, na usiiache kamera juani kwenye boti, ifunike kwa taulo lililolowa.

Baada ya kuzamia, kabla hujafungua chochote, itumbukize kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo na chumvi nusu saa na ubonyezebonyeze vitufe humohumo ndani ya maji ili chumvi itoke kwenye springi. Ifute, ikauke, ndo uifungue, ikiwa imeangalia chini ili matone yasirudi ndani. Watu wengi kamera imetoka salama mita 18 inafia juu ya meza kwa tone moja.

MwalimuWaMbizi

Nawasalimu wote. Nimefurahi kuona watu wa Kusini wanazungumzia bahari yao hivi. Mimi naomba niseme kitu ambacho mleta mada huenda hakukitarajia. Kabla ya kamera, unaweza kukaa majini sehemu moja bila kupanda wala kushuka, mikono ikiwa imetulia, kwa kupumua tu? Kama bado unapepesuka, kamera inakuongezea kazi na inakuibia macho. Mtu anamfuata kasa anasahau geji ya hewa, anasahau mwenzake, anasahau kina. Mita 18 inakuwa 24 bila kujua. Na anayepiga picha ya karibu bila kujimudu anajishika kwenye tumbawe ili asitikisike, au anapiga makasia juu yake. Tumbawe lililovunjika kwa sekunde moja limechukua miaka mingi kukua, na matumbawe yetu haya yameshapigwa sana na baruti enzi zile, yanayorudi sasa hivi yanastahili tuyahurumie.

Sisemi usinunue. Nasema ukienda nayo mara za mwanzo, nenda na mtu ambaye hana kamera, ifunge kwa kamba kwenye koti lako la kuzamia ili ukihitaji mikono yote miwili uiachie, na jiwekee sheria yako kwamba kila picha moja unatazama geji kabla ya nyingine. Ule mshikio wa plastiki unaoelea juu ni wa watu wa kuogelea, kwa mzamiaji unamvuta mkono juu muda wote, uache.

Kasa na nyangumi msiwafukuze kamwe. Kuanzia kama Julai nyangumi wanapita pwani yetu na wana watoto, ukimfukuza mama hupati picha na mtoto anateseka. Kasa ukikaa pembeni ukatulia anakuja mwenyewe, na hiyo ndo picha nzuri, uso wake, sio mkia unaokimbia.

Na Msimbati kumbuka uko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, ipo tangu mwaka 2000, kuna kiingilio na kuna taratibu zake, ukitaka kupiga video za kibiashara siku moja uliza ofisi yao mapema.

NahodhaMikindani

Mwalimu shikamoo, umesema kweli tupu. Naongezea la majira maana kamera nzuri kwenye maji machafu ni hasara. Upepo wa kusi ukikolea bahari inachafuka, kuanzia Mei hivi, nje hakufai kwa siku nyingi. Mvua kubwa zikishaanza Ruvuma inateremsha tope na upande wa Msimbati ndo unaopokea. Kipindi kizuri kabisa ni cha maleleji, Oktoba na Novemba, kusi limechoka na kaskazi halijaanza, maji yanakuwa kioo. Halafu angalia mwezi. Bamvua maji yanaingia na kutoka kwa nguvu yanachota mchanga na majani, mkondo wa Msimbati siku hizo sio wa mtu wa mara mojamoja. Nenda maji mafu, siku ambazo hayapandi wala kushuka sana, na nenda yanapokaribia kujaa, maji safi ya nje yameshaingia ndani. Saa nne mpaka saa nane jua liko juu, mwanga unashuka wima, rangi unazipata bila hata filta kwenye mita tano sita.

Na ndo msimu wa korosho pia huo kaka, mfuko na bahari vinafunguka pamoja.

TandahimbaMpaka_Dar

Mimi sizamii ila vifaa nanunua sana Kariakoo, nikupe ya mjini. Kamera ya laki moja na nusu iliyoandikwa 4K kwenye boksi, mara nyingi hiyo 4K ni picha ndogo imevutwa ikawa kubwa, ukiiangalia kwenye simu huoni, ukiiweka kwenye TV ya nyumbani ni chenga. Yuzdi ya GoPro fungua kimlango cha betri uangalie ule mpira mwembamba wa pembeni kama upo na haujachanika, nusa na ndani, harufu ya chumvi au kutu unaijua. Irekodi dakika kumi mfululizo hapohapo dukani uone kama inazima. HERO9 mpaka HERO12 kava ni lilelile kwahiyo kupata sio shida, HERO8 kava lake peke yake.

Memori kadi usinunue ya barabarani. Feki ziko nyingi, imeandikwa GB 128 ndani ni 8, inakubali kurekodi hadi ijae halafu inaandika juu ya video za mwanzo au inaziharibu, unakuja kugundua umeshatoka majini. Ijaze yote kwa mafaili ukiwa nyumbani, kisha uyafungue, yakifunguka yote ni halisi. Chukua yenye alama ya V30, ya kasi ya kurekodi video.

Na tochi, betri zake ni zile za 18650, ukiona imeandikwa mAh 9900, yaani ujazo wa chaji, ni uongo wa wazi, halisi ya saizi ile haivuki sana 3500. Ukipanda ndege na hizo betri ziweke begi la mkononi, sio la chini.

BintiLigula

Kaka nimefikiria hela yako vizuri. Wewe mlengwa wako ni mama na wadogo zako, na watu wa nyumbani wanapenda video kuliko picha ya konokono, hata mimi nikikiri napenda konokono. Kwa laki saba ningeenda na kamera ndogo ya video, GoPro hizo HERO9 kwenda juu au Action 3 au 4 yuzdi nzuri, pamoja na kava lake, na pesa iliyobaki yote iingie kwenye tochi. Usitumie yote kwenye kamera mpya zaidi. Tofauti ya HERO9 na HERO12 mama hataiona, tofauti ya mkunga mwenye tochi na asiye na tochi ataiona. Ukija kunogewa na vidogo, TG utaitafuta mwakani, na za kwangu lenzi na vikorokoro nitakuazima ukajaribu, tuko mji mmoja.

Ila kama korosho zimelipa na ukapata TG-6 yuzdi na kava lake kwa milioni, mwenye nayo akakuruhusu uipime, chukua hiyo usiangalie nyuma. Video zake nazo si mbaya.

MtuWaChikongola

Nimewasoma wote, Mungu awabariki. Nimeongea na jamaa tena, amepata kava, vyote viwili laki sita na ishirini, na kuna ndugu yangu yuko Kariakoo kesho anaenda kuifanyia hayo ya @TandahimbaMpaka_Dar, kunusa na kurekodi dakika kumi. Tochi nitaichukua Oktoba. Mwalimu nimekusikia, mara ya kwanza nitaenda nawe kama una nafasi, nikuonyeshe kama natulia au napepesuka ndo uniruhusu kuishika.

Fundi, swali la mwisho, hilo kava ni la mtu na limeshatumika, kabla sijaweka kamera ndani najuaje kama linashika?

MwalimuWaMbizi

Nafasi ipo mwanangu, nitafute inbox.

FundiSimuLindi

Lishushe likiwa tupu. Kunja tishu nyeupe kavu, itandaze ndani iguse kona zote nne, weka na chubwi mbili tatu za mshipi ili lisikusumbue kwa kuelea, lifunge kama utakavyolifunga siku zote. Anza na ndoo usiku kucha, hiyo itakuonyesha tundu kubwa tu. Mtihani wenyewe ni kwenda nalo mpaka kina chako, ubonyeze vitufe vyote ukiwa kule chini mara nyinginyingi, ukae nalo hadi mwisho wa mbizi. Ukirudi, lioshe, likaushe nje kabisa, lifungue taratibu uangalie tishu. Ikiwa kavu yote, safari inayofuata weka kamera. Ikiwa imelowa, angalia kona ipi: karibu na bawaba au klipu ni mpira, badilisha mpira, katikati chini ya kitufe ni springi ya kitufe ina chumvi, niletee nilisafishe kabla hujarudi nalo majini.